Ukurasa Aliouunguza Mama Pasi

Pasi inapata moto, shati jeupe limetandazwa mezani, na Mama Pasi anasoma mapenzi.

Ni asubuhi katika chumba cha dobi chenye dirisha moja na kamba za nguo kila upande. Mkono wa kulia unalainisha kola. Wa kushoto umeshika kitabu cha katuni kilichovimba kama godoro lililonyeshewa. Humo, msichana wa shule anampenda kijana mrefu wa timu ya mpira wa kikapu, na kati yao hakuna mwenye ubavu wa kusema.

"Mama Pasi, na mvi zote hizo?" anamtania mteja aliyefuata suruali yake.

"Mvi ziko kichwani, baba. Moyoni haijaota hata moja," anajibu bila kuinua macho.

Mama Pasi ni mjane wa miaka hamsini na miwili. Siku njema hunyoosha mashati arobaini. Siku za mvua hata kumi hayafiki. Kwa pasi hiyo amesomesha watoto watatu. Wawili wanajitegemea, na nyumbani amebaki na kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na sita.

Binti huyo ndiye aliyemkosesha raha. Walikwaruzana kuhusu simu, mama akaichukua, binti akafunga mdomo. Wiki zikapita nyumba nzima ikiendeshwa kwa "ndiyo" na "hapana."

"Bora angenifokea," anasema. "Ukimya wa mtoto unauma jamani. Mnakula, unasikia vijiko tu."

Kisha siku moja akaloweka nguo za nyumbani. Dobi yeyote hukagua mifuko kabla ya maji, na wateja humsifu kwa kuwarudishia hata vifungo vilivyodondoka. Lakini mganga hajigangi.

"Mfuko wa mteja naukagua mara mbili. Foronya ya kwangu mwenyewe nani anaikagua?"

Ndani ya foronya binti alikuwa amekificha kitabu hicho cha katuni, tena cha kuazima kwa rafiki yake.

"Nikajua sasa ndiyo basi. Simu nimechukua, kitabu nimekifua! Huyu mtoto hatanisemesha mpaka nazikwa."

Alikianika, kisha akaanza kukinyoosha ukurasa kwa ukurasa, kitambaa cha pamba juu, pasi ya moto mdogo. Nia yake ilikuwa kukikausha tu. Lakini macho hayana pazia.

Alipofika mahali msichana anakimbilia kituo cha basi kumwahi kijana anayehama mji, Mama Pasi alisahau kama yuko kazini. Pasi aliiacha juu ya ukurasa wa mwisho, ambao alikuwa hajausoma. Kilichomshtua ni harufu.

Binti aliporudi kutoka shule alimkuta mama ameketi, kitabu magotini. Mama alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi. Yaliyomtoka ni mengine.

"Mwanangu, alimwahi?"

Binti alitazama kitabu, akatazama alama ya pasi, akamtazama mama yake. "Mama... umekisoma?"

"Chote. Kasoro hapo nilipopaunguza. Niambie basi, alimwahi au basi lilishaondoka?"

Kicheko kilimponyoka binti kabla hajaamua kama amekasirika. Akaketi, akasimulia mwisho wote, hadi busu. Kisha akaendelea na mambo yasiyomo kitabuni: yupo mmoja darasani kwao.

"Nilibana midomo," anakumbuka Mama Pasi. "Nilitaka kuuliza ni mtoto wa nani, nikameza. Shati la mtu sijawahi kuunguza maishani, nimekuja kuunguza busu! Lakini lilinirudishia mwanangu."

Rafiki alinunuliwa nakala mpya. Kile kilichoungua kilibaki kwenye meza ya pasi, na Mama Pasi anakisoma kwa mara ya tatu. Juu ya alama ya kuungua binti amebandika picha aliyoichora mwenyewe kwa penseli: msichana na kijana kituoni, wameshikana mikono. Nyuma yao amesimama mama mnene mwenye aproni, amewashikia mwavuli.

"Huyu kwenye kile kitabu kipya hayumo," anasema kwa sauti ya chini. "Niliangalia."

Anatumaini nini sasa? Kwanza anaisimamisha pasi. Siku hizi haiachi imelala.

"Siku mwanangu akipenda kweli, niwe wa kwanza kuambiwa." Anatikisa kichwa. "Hapana, niwe wa pili. Wa kwanza aambiwe kijana mwenyewe."