Fungu la Mashua

Mamangu hajavua samaki hata siku moja, lakini mashua ni yake. Aliachiwa na babangu. Kila Ijumaa nahodha na mabaharia wake watatu huja kwetu Kuze, wakaketi barazani, mamangu akakaa mlangoni, pesa za mnada zikawekwa mkekani. Wachuuzi siku hizi hulipa kwa simu, lakini nahodha huzitoa zote, kwa kuwa mamangu hagawi asichokiona. Huondolewa kwanza za petroli na barafu. Kisha mafungu: la nahodha, la kila baharia, la mamangu, na la mashua yenyewe. Ndiyo, mashua nayo ina fungu lake, na mamangu hulitia benki.

Nilikuwa naye alipofungua ile akaunti. Kijana wa kaunta akamwuliza, "Ni ya nani, mama?"

"Ya mashua."

"Mashua haina kitambulisho, mama."

"Basi tumia changu, lakini ujue pesa si zangu."

Kijana akacheka mpaka akavua miwani. Mamangu hakucheka.

Nilipopata nafasi ya chuo cha uuguzi, karo ilikuwa imelala mle mle kwenye akaunti, na nyingine zingebaki. Nikamwomba. Akakataa.

"Hizo ni za mashine na mbao. Mashine ikifa, nyumba nne zitalala njaa."

"Nitalipa!"

"Utalipa lini? Mashine itakungoja?"

Nyoo! Nilinuna, nikagonga masufuria, nikamwambia anaipenda mashua kuliko mwanawe. Chai yake ilipoa kikombeni. Nahodha alikuwa barazani, na sauti yangu, wallahi, haijui kuta.

Muhula haujaanza, mashine ikafa kweli. Mwenye mashua nyingine angemwendea tajiri wa samaki amkopeshe, kisha auze kwake kwa bei aitakayo tajiri. Mamangu alivaa buibui lake, akaenda benki na nahodha, wakarudi na mashine mpya juu ya mkokoteni. Kesho yake watu wetu walikuwa baharini. Nilikuwa bado na hasira, lakini mashallah, nilimwona mamangu mkubwa siku ile.

Ijumaa wakaja. Nahodha akapanga mafungu, mamangu akayatazama.

"Umekosea. Hili limezidi."

"Sijakosea, dadangu. Hilo ni la mwanetu wa chuo. Tutalitoa kila Ijumaa mpaka amalize."

"Limetoka wapi?"

"Sote wanne tumepunguza yetu. Mashine ilipokufa hatukulala njaa. Sisi tunajua ulimnyima nani."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Mamangu alivuta kwanza fungu la mashua, akalihesabu, akaliona limetimia. Ndipo akajifunika uso kwa leso, akalia.