Mgeni wa Mama Ndani ya Simu

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hajui kula peke yake. Sitii chumvi. Alizaliwa Tura, ambako baba yake alikuwa na kiduka karibu na stesheni, na nadhani huko ndiko alikozoea kumwona kila anayepita kama mtu mwenye njaa. Katika nyumba yetu ya Gongoni, mjini Tabora, ile yenye duka mbele na ua nyuma, sinia liliwekwa mkekani na watu wakalizunguka, na kama watu hawakutosha alitoa kichwa mlangoni akaita yeyote aliyekuwa akipita. Baba alimtania kwamba angeishi zama za misafara angewalisha wapagazi wote mpaka Ujiji, na matajiri wao wangefilisika njiani. Alikuwa na sheria zake. Mgeni ananawishwa kwanza. Mgeni hapewi mgongo. Na mwenyeji hainui mkono kutoka kwenye sinia kabla mgeni hajainua wake, hata kama ameshiba mpaka anahema, kwa sababu mgeni akikuona umeacha, naye ataacha na njaa yake.

Baadaye baba akafariki, ndugu zangu wakatawanyika, mmoja Dar es Salaam na wengine Muscat, na mimi niliyeachika nikarudi nyumbani kukaa dukani kuuza ndoo na masufuria. Tukabaki wawili. Ndipo mama akaanza kusahau. Alianza na majina ya watu, akafuatia na vyumba vya nyumba yake mwenyewe, mwisho akasahau njaa. Daktari alimpima koo, tumbo na damu, akaniambia mwili hauna tatizo, ni kichwa tu kimeacha kazi yake, na kwamba nijitahidi ale. Nilimshukuru kwa ushauri huo. Ndugu zangu nao walipiga simu kunishauri. Mpe supu. Mpe uji wa ulezi. Mpe asali, alisema mmoja, kana kwamba mtu anaweza kuishi Tabora akasahau kuwa kuna asali.

Nilimpa vyote. Alikaza midomo, akageuza uso, akaniambia nisimsumbue. Nilijaribu kukaa naye mkekani nile ili anione, maana nilijua hapendi kula peke yake. Haikusaidia kitu. Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hasubiriwi wala habembelezwi, anakula akitaka. Nguo zake zikaanza kumpwaya. Nilipokuwa nikimwogesha nilikuwa natazama ukuta.

Raha yangu siku zile ilikuwa simu. Najua watu wa umri wangu wanaona haya kukiri jambo hilo, mimi sioni. Nilikuwa kwenye grupu la wapenda vyakula na video za Asia. Lilianza kama grupu la tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa, lakini tulichoka na wapenzi wanaolia kwenye mvua, tukahamia kwenye vile wanavyokula. Tuliitana kwa miji tunayotoka. Kiongozi alikuwa Mbeya, mama wa makamo asiyetaka mchezo. Mchekeshaji wetu alikuwa dada mmoja tuliyemwita Tanga. Mimi nilikuwa Tabora. Hatukuwahi kuonana hata siku moja, ila nilijua nani kaunguza nini na kwa sababu gani. Tulitumiana picha za kimchi, ile achari yao ya Kikorea, tuliyojaribu wenyewe kwa kabichi na pilipili ya unga, tukavimbiwa wote wiki moja. Tulikula tambi kwa vijiti vya mishikaki. Siku niliyoviringisha wali kwenye jani la chainizi kwa kukosa mwani wanaoviringishia wao, Tanga aliandika kwamba hiyo ni sambusa iliyokata tamaa, na mwani umejaa kwao, niufuate. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniwekea ndoo chini akaenda zake.

Tulichopenda kuliko vyote ni video za watu wanaokula. Hakuna hadithi ndani yake. Binti anakaa mbele ya kamera, meza imejaa, anakula mpaka vyombo vinakuwa vitupu, na wewe unamtazama. Nikimweleza mtu ananiona nimechanganyikiwa. Lakini mtu anayeishi na sinia lisilozungukwa na watu angenielewa.

Mchana mmoja baada ya swala ya adhuhuri nilikuwa nimeegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, natazama binti wa Kikorea akila tambi nyekundu, na mbele yangu kuna wali na mchicha. Mama akatoka chumbani. Akasimama, akaitazama simu kwa muda.

"Mgeni huyu katoka wapi?" akauliza.

"Mbali, mama."

"Na mmemnawisha?"

Sijui nilipata wapi akili. Nilisema bado, nikaleta birika na beseni, nikamimina maji kidogo mbele ya simu. Mama akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akanyoosha mikono yake nikamnawisha na yeye, akaketi. Akasema bismillahi, akapeleka tonge mdomoni. Binti alipokula, mama alikula. Binti alipopumzika akinywa maji, mama alipumzika. Alichukizwa na jinsi binti alivyokuwa akivuta zile tambi kwa sauti, akaninong'oneza kwamba huko kwao hakuna wakubwa wa kumfunza, lakini hakuinua mkono. Mwenyeji hainui mkono kabla ya mgeni. Video ilikuwa ndefu na binti alikuwa mlaji hasa. Mama alimaliza sahani, nikamwongezea.

Nilikwenda uani nikalia nimeshika mti wa kuanikia nguo.

Jioni niliwaandikia grupu yote yaliyotokea. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi kama walivyofanya. Mbeya alitoa masharti kama yuko kwenye kikao: video iwe ndefu, mlaji awe wa taratibu, asile nguruwe maana mama ni Mwislamu, wala pweza anayejikunja bado yu hai, na asizungumze sana. Watu walitazama video nzima nzima kabla ya kunitumia, wengine wakitoka kazini wamechoka. Kijana mmoja wa Mwanza alituandikia maelezo ya kila mlaji kana kwamba anawachambua wachezaji wa mpira: huyu anaanza kwa kasi lakini anakata pumzi, huyu ana moyo mpaka mwisho. Kila adhuhuri nilitandika mkeka, nikaegemeza simu kwenye mkebe, nikamnawisha mgeni. Mama akarudiwa na nyama mashavuni. Akaanza hata kuniuliza asubuhi kama mgeni anakuja leo, na tunampikia nini. Nilimpikia michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga kama alivyoipenda, akasema mgeni hataielewa, akaila yeye.

Ndugu zangu walisema ile asali imesaidia.

Tatizo la watu wenye upendo ni kwamba hawajui kuacha. Nasema hivyo bila kinyongo, maana na mimi nilikuwa mmoja wao na nilishangilia kuliko wote. Tanga ndiye aliyetoa wazo. Kwa nini mama yetu ale na wageni wasiomjua, wasiojua hata lugha yake? Tujirekodi sisi. Tukae mkekani, tupike vizuri, tumwamkie kama watoto wake. Grupu lote likawaka moto. Nilikuwa nimeshikwa na furaha kama bibi harusi.

Video ya Tanga ilikuja siku ya Ijumaa. Amevaa baibui yake nzuri, mbele yake wali wa nazi na samaki wa kupaka, na pembeni, kwa mzaha, bakuli la tambi za Kikorea. Nilitandika mkeka. Nilimnawisha mama. Tanga akatabasamu ndani ya simu.

"Shikamoo mama," alisema. "Karibu mama yangu, karibu tule."

Mama akaitikia marahaba. Uso wake ukachangamka. Kisha akajivutia kanga mabegani, akasogea nyuma kidogo, akasema kwa sauti ile laini aliyokuwa akiitumia majumbani kwa watu:

"Starehe mwanangu. Nyinyi kuleni. Mie nimeshiba."

Kila mtu aliyelelewa anajua jibu hilo. Ukipita ukakuta watu wanakula, watakukaribisha, na wewe utasema starehe, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma, kwa sababu hawakukupikia wewe. Sijui ni kwa nini kati yetu sote, watu wazima tuliofunzwa adabu, hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Binti wa Kikorea hakumkaribisha kamwe. Alikula kimya kama mgeni, na mama akawa mwenyeji. Sisi tulimkaribisha, tukamfanya mpita njia.

"Mama, chakula chako hiki hapa," nikasema, nikamsogezea sahani.

"Nimeshamwambia mtu nimeshiba," akaninong'oneza kwa ukali. "Nianze kula mbele ya macho yake?" Akageuza uso ukutani, maana si vizuri kumkodolea macho mtu anayekula, akakaa hivyo mpaka Tanga alipomaliza samaki wake.

Kesho yake nilimrudisha binti wa Kikorea. Nilichagua ile video ya kwanza kabisa, tambi zile zile nyekundu. Binti hakuwa hata ameshika vijiti vyake. Mama aliitazama simu, akajivutia kanga, akasema starehe. Nilijaribu mwingine, na mwingine. Nilibadilisha chumba, nikaondoa mkebe wa sukari, nikaleta birika na beseni mapema. Alikuwa amesahau jina langu na mahali kilipo choo, lakini hilo moja alilishika: ndani ya kile kioo kuna watu wenye chakula chao, na yeye anapita tu.

Na grupu halikujua. Wakaendelea kutuma. Yule wa Mwanza alituma sato mzima wa kukaanga, na mama yake mzazi kando yake, wote wawili wakisema karibu mama. Kigoma walituma migebuka, samaki wa ziwa lao. Mbeya, yule asiyetaka mchezo, alijirekodi amevaa gauni la kanisani, amepika wali na njegere, akakosea, akaanza upya, na hakuikata sehemu aliyokosea. Walikuwa wamepanga vyakula kwa namna ambayo ungedhani ni sikukuu. Wakiniuliza kama amewaona, nilijibu kwamba amewaona na amefurahi sana. Haukuwa uongo. Alikuwa akifurahi. Aliwajibu wote mmoja mmoja, starehe, starehe, na kila siku akazidi kuwa mwepesi mikononi mwangu.

Mwishowe nilimwandikia Mbeya peke yake nikamweleza ukweli. Nikaona maandishi yale madogo yanayoonyesha kwamba mwenzako anaandika. Yakapotea. Yakarudi, yakapotea tena. Nadhani aliwaambia wenzake, kwa sababu toka siku ile grupu likanyamaza. Hakuna aliyetuma karibu mama, lakini pia hakuna aliyetuma kimchi, wala tambi, wala mzaha. Watu waliona haya kuonyesha chakula mbele yangu. Nilitamani mtu atume hata sufuria lililoungua. Nilikuwa nimewapelekea huzuni yangu wakaipokea kwa mikono miwili, na sasa hata raha yetu ndogo haikuwepo tena. Sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa na duka la ndoo, na mama.

Siku ninayotaka kuisema ni ya mwisho aliyoweza kukaa mwenyewe. Nilizima simu nikaiacha dukani. Nilipika wali kwa nyama, nikapakua sinia zima kama zamani tulipokuwa wengi, nikaketi mkekani. Mama nilimkalisha kwenye mto karibu na mlango. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitasema karibu. Nitakula kimya tu, nimwachie nafasi, labda mkono wake utakuja wenyewe. Nikaanza kula. Sikumtazama.

Nikasikia kanga ikivutwa.

"Starehe, bibi," mama yangu akaniambia. "Usihangaike na mimi. Nitakula nyumbani."

"Nyumbani wapi, mama?"

"Kwetu Tura. Mama kapika, ananingoja. Nikishiba hapa atanuna."

Alitabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mwanamke usiyemjua aliyekupokea barazani kwake kwa muda. Akazitazama kuta za nyumba yake, akaisifu kwamba ni nzuri. Kisha akakunja mikono mapajani, akakaa wima, akasubiri. Nilielewa anasubiri nini, kwa sababu yeye ndiye aliyenifunza: mtu haagi watu wakiwa wanakula. Unangoja mwenyeji anawe mikono, ndipo unasimama na kusema kwaheri.

Wali ulikuwa umeshaanza kupoa. Nilichukua tonge jingine, dogo, nikalitafuna kwa muda mrefu, na jingine tena, kama yule binti wa Kikorea anayekula mpaka vyombo vinakuwa vitupu. Sinia lilikuwa la watu wengi. Niliendelea kula.