Vice-Ministre Aliyeandikwa Mchungaji

Ukimwita Zihindula "Pasta", hata kwa mzaha, alinuna siku nzima. Na kambi yote ya wakimbizi ya Dzaleka ilimwita hivyo, basi hesabu mwenyewe ni siku ngapi alicheka.

Yeye alikuwa Onorable, mbunge mzima, bwana! Mwaka 2003, walipounda bunge la mpito kule Kinshasa, chama kilimtoa Uvira, agronome, bwana shamba mwenye suti moja, kikamkalisha na wakubwa. Mwaka 2006 wapiga kura wakamrudisha wenyewe. Mwaka uliofuata akateuliwa vice-ministre, naibu waziri wa kilimo, akapewa gari, dereva, na kiyoyozi kilichokoroma bila kutoa baridi. Waziri akikata utepe, yeye ndiye aliyemshikia mkasi. Miezi kumi na minne hivyo. Ikaja karatasi ya kuwapa wageni mashamba ya watu wa Fizi, na waziri, mjanja yule, akasafiri ili naibu wake ndiye atie saini. Zihindula akakataa katakata. Kwamba ameondolewa serikalini alisikia redioni, akipiga mswaki. Uchaguzi wa 2011 akaanguka, nyumba ikapigwa risasi, na mwaka 2012 yeye na mkewe Capitoline wakavuka ziwa mpaka Kigoma, wakateremka hadi Malawi.

Sasa sikia upuuzi wenyewe. Siku ya kuandikishwa mkalimani alikuwa Ntahomvukiye, Mrundi mmoja aliyejivunia Kiingereza chake kama kofia mpya. Zihindula alisema, "Mi nilikuwaka vice-ministre." Ntahomvukiye akatafsiri: msaidizi wa minista. Kumbe Malawi minista ni wa serikali, na mchungaji wa kanisa naye huitwa minista! Karani akamtazama mzee wa watu, suti imepauka, Biblia kwapani, akaandika: mchungaji msaidizi. Walipogundua, Ntahomvukiye alishika kichwa. "Pole, mzee. Maji yakishamwagika hayazoleki."

Hayazoleki? Miaka minne Zihindula alihangaika kuyazoa. Lilongwe wakamtuma Dowa, Dowa wakamrudisha Lilongwe. "Rudi wiki ijayo, abusa," walimwambia, yaani mchungaji kwa Kichewa, kwa heshima tele, na heshima hiyo ndiyo iliyomkera kuliko tusi. Majirani nao wakamletea watoto awabariki. Kila fomu aliyopewa aliijaza kwa mwandiko wa ofisini, akapigia mstari neno "serikali" mara mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ilitoka kwenye sare za shule alizoshona Capitoline.

Mwaka 2017 wakaitwa Lilongwe wote wawili, mahojiano ya mwisho. Safari hii afisa alikuwa mama mpole, na mkalimani alijua Kifaransa sawasawa.

"Faili lenu ni zuri," mama yule alisema. "Mchungaji aliyekimbia vita. Nikigonga muhuri leo, mmekubaliwa kuwa wakimbizi. Lakini tukianza habari za serikali, faili linaenda ofisi nyingine, linachunguzwa upya. Labda miaka mitatu. Labda wakatae, mrudishwe Kongo."

Capitoline alimkanyaga mumewe chini ya meza. "Papa, nyamaza," alinong'ona. "Nakuomba sana. Nyamaza tu."

Alijua vizuri kabisa neno moja la "ndiyo" lingewalaza salama. Lakini walikuwa wameshamchukulia kiti, gari na nyumba, na sasa hata yeye mwenyewe wamfute? Hasira zikampanda.

"Mi sikuwe pasta, mama," alisema. "Sijahubiri hata siku moja. Nilikuwaka vice-ministre, na njo sababu batu balitaka kuniua."

Muhuri ukarudi kwenye droo. Waliambiwa wasubiri barua.

Njia nzima mpaka mtaa wa Kawale, walikofuata basi, Capitoline alimtangulia mumewe. Mbele ya vibanda vya nyanya akasimama ghafla.

"Umeridhika?"

"Capitoline, elewa. Ule haikuwe mimi."

"Na mimi je?" Sauti yake iliwageuza wauza nyanya. "Miaka yote hii mi naandikwa bibi ya pasta. Mi nilikuwaka directrice, Zihindula! Shule nzima mikononi mwangu, miaka kumi na saba. Siku gani uliwaambia barekebishe na yangu?"

Zihindula alizikumbuka fomu zake. Fomu zilikuwa tisa, na katika zote tisa, palipoulizwa kazi ya mke, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: hana.