Ingénieur wetu, php.ini, na courant ya Tshopo iliyosingiziwa

Wakuu, salamu. Kiswahili yangu ni ya Kisangani, muivumilie hivyo hivyo. Hii niliiona na macho yangu, siongezi chumvi.

Ilikuwa wakati wa vita. Sisi upande wa waasi, Kinshasa upande wa serikali, mto umefungwa, hakuna kupita.

Nilikuwa natumika kwenye kaofisi kamoja pale Makiso, katikati ya mji. Tulikuwa na server yetu na page moja ya PHP: watu wanaandika ujumbe, ndugu zao wa Kinshasa wanausoma kwenye cyber.

Mkubwa wa server tulimuita Ingénieur. Ingénieur wa nini, sijui mpaka leo. Kravati kwenye joto lile, na password iko yake peke yake.

Akaja Mama Kavira, muuza vitenge wa Butembo. Mume wake alikwama Kinshasa. Kule walimwambia bibi yake, yaani mke wake huyu, alikufa kwenye mapigano ya hapa, matanga yakafanywa, na sasa familia inamutafutia bibi mwingine.

Mama alikuwa ameshaandika ujumbe. Mume akajibu kwamba maneno mutu yeyote anaweza kuandika, yeye anataka kuona sura.

Bon, tukascan picha ya mama. Page ikaikataa.

Kwa wasiojua: PHP iko na faili ya mipangilio, inaitwa php.ini. Ndani kuna mistari ya kuwasha na kuzima vitu. Mmoja ni file_uploads, wa kupokea picha na mafaili. Kwetu ulikuwa Off. Unaweka On, basi. Mutoto wa shule ya primaire angeweza.

Ingénieur akaweka On. Akarefresh page, bado. Alors akarudisha Off, akahamia mustari mwingine! Kesho yake On tena, refresh, bado, Off tena. Wakuu, mutu ameshika jibu mkononi na analitupa mwenyewe, kila siku, na kravati yake shingoni.

Muda wote huo Mama Kavira iko kwenye benchi na picha yake ndani ya bahasha.

Anaambiwa nini? Eti ni courant, umeme wa mto Tshopo. Eti barrage, lile bwawa la mtoni, inatuma courant chafu, inaharibu server. Courant hiyo hiyo inawasha taa za mji mzima, inasaga mihogo ya watu, ila ikifika kwetu inatafuta php.ini! Upuuzi mtupu. Na akakataza mutu yeyote kuzima server, ati haitawaka tena.

Siku moja nikafungua phpinfo, page inayoonyesha PHP inatumia mipangilio gani kweli. Ikasema Off. Nikachungulia screen ya Ingénieur, faili inasema On.

Nikaelewa palepale. PHP ile ilikuwa inasoma php.ini server ikianza kuwaka tu. Ukibadilisha bila restart, yaani kuzima na kuwasha tena, umejiandikia barua mwenyewe.

Nikamwambia tufanye restart. Akaniuliza nilisomea wapi, tena mbele ya mama.

Nikachomoa prise ya server ukutani.

Alifoka mpaka majirani wakaja. Nikairudisha prise, server ikawaka, phpinfo ikasema On, picha ikapita. Mama Kavira akalia, na mimi machozi yakanilengalenga.

Kesho yake jibu likafika. Nilimusomea mimi.

"Kavira, ni wewe kweli. Mbona haukutuma mapema? Nilioa Jumamosi."

 Mama akamwangalia Ingénieur.

"Papa, Jumamosi nilikuwa hapa. Nilikaa kwenye benchi yako tangu asubuhi."

Unajua alijibu nini yule bwana? Ati pole mama, ni vita.

Hapana. Vita ilitufanyia mengi, lakini hii haikuifanya. Hii ilifanywa na mutu aliyeona haya kusema sijui.

Donc wakuu, ukigusa php.ini, restart server, kisha soma phpinfo kabla ya kusingizia courant, shetani au vita.

Na kwenu muko na ma-Ingénieur wa namna hii? Waleteni hapa chini tuwaseme. Wa kwetu nasikia siku hizi iko directeur.