Mwanamke Ambaye Hakuwa Kwenye Picha

Nikisikia harufu ya rangi nyekundu ya sakafu, ile iliyopakwa kila Jumamosi kule mtaani kwetu Ziwani, namwona farasi mweupe akikimbia vumbini. Sisikii huzuni. Naona farasi tu.

Ilikuwa siku Baba alipofariki kiwandani, na mimi na mdogo wangu Wafula tulikuwa hatujaambiwa. Wajomba walikuja kuketi na Mama, na jirani yetu Mama Njoki, fundi wa kushona, akatuchukua kwake. Msinicheke, nilifurahi. Siku zote watoto wa mtaa tulitazama televisheni yake kupitia dirishani. Siku hiyo, sakafu yake ikinuka rangi mpya, tulikalishwa kwenye kochi, juu ya vitambaa vya kufuma ambavyo hata mumewe hakuthubutu kuvikalia.

Ilikuwa picha ya makauboi, nyeusi na nyeupe, ya kwanza maishani mwangu. Mama Njoki hakuketi. Alisimama kando ya televisheni, mkono kwenye kitufe cha sauti, akiongeza kila mara. Nikadhani anapenda bunduki.

Yule kauboi mkuu akapigwa risasi, akaanguka, kofia ikabiringika. Nilingoja mtu aje amfunike leso. Hakuna aliyekuja.

"Ataamka," Wafula akaninong'oneza. "Stering hakufangi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya watoto mtaani, kwamba mkubwa wa picha hafi. Na kweli, akaamka.

Hapo nikasikia mwanamke akilia, kilio kirefu. Nikamtafuta kwenye kioo. Palikuwa na wanaume na farasi tu. Nikauliza ni nani analia. Mama Njoki akaongeza sauti mpaka spika ikakwaruza.

"Ni kwa picha," akasema. "Wewe tazama tu."

Nikatazama. Jioni tulipoambiwa, sikulia. Mazishini pia sikulia, na shangazi zangu wakasema nina moyo mgumu. Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi nikingoja Baba aamke.

Mwaka jana nilimtembelea Mama Njoki, sasa ni mzee, nikamuuliza kama anaikumbuka ile picha.

"Sikuiona hata kidogo," akasema. "Nilikuwa nasikiliza ukuta."

Ukuta kati ya nyumba zetu ulikuwa mmoja, wao upande huu, sisi ule. Ndipo nikaelewa kwamba mwanamke niliyemtafuta kati ya farasi alikuwa Mama. Nikamaliza chai, nikamshukuru. Machozi bado nayangoja.