Waridi la Ijara Chini ya Shali

Kwa miaka yote niliyofundisha Garissa, niliwauliza wanafunzi swali moja kila waliponiletea habari: "Ulikuwepo?" Aliyejibu kwamba aliambiwa, nilimrudisha akakae. Mke wangu alilijua swali hilo kuliko mwanafunzi yeyote. Ndiyo sababu, alipotaka kunieleza kwamba Nairobi hufanyika maonyesho ya maua kila mwaka, na kwamba mtu yeyote aweza kupeleka mmea wake ukashindanishwa, alikuja na ukurasa wa gazeti, akauweka juu ya sahani yangu kabla ya chakula.

"Soma mwenyewe," alisema. "Mimi sikuwepo."

Gazeti liliyaita maonyesho ya majira ya kuchipua. Nilimfafanulia kwamba majira hayo ni ya Ulaya. Kwetu ipo mvua na lipo vumbi. Akanijibu kwamba mti wake haujui Ulaya iko wapi, nao umeshachipua.

Mti wenyewe ulikuwa waridi la jangwani, alioutoa kwao Ijara tulipooana: mfupi, wenye maua mekundu na shina lililovimba kama goti la ngamia, ukikaa ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Utomvu wake ni sumu, na mbuzi hawaugusi. Jirani yetu, mama muuza maziwa, hakuchoka kuuliza kwa nini mmea uliokataliwa na mbuzi umwagiliwe maji. Nami nakiri kwamba niliwahi kusema debe lile lingefaa zaidi kuwekea unga. Katika miaka yote hiyo sikuwa nimeusifu mti ule hata kwa neno moja. Mke wangu alitaka utepe wa washindi, autundike mahali ambapo jirani na mimi tungeuona kila asubuhi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini hukuvuka daraja la Tana kwenda Nairobi bila kushushwa basini na kuonyesha kitambulisho. Askari mmoja alitukagua, kisha akalitazama debe alilolipakata mke wangu.

"Na huyu mnene, kipande chake kiko wapi?"

"Ni mtoto wa Ijara," mke wangu alimjibu. "Muulize mwenyewe, mimi hajanionyesha."

Askari alicheka, jambo ambalo sijaliona tena penye daraja lile.

Ukumbi wa maonyesho ulijaa meza zenye vitambaa vyeupe na maua yaliyokatwa yakasimamishwa chupani, ambayo mke wangu aliyahurumia kama yatima. Waamuzi walikuwa watatu. Mkubwa wao, bibi wa makamo mwenye miwani, aliinama mbele ya debe letu.

"Mti mzuri ajabu! Sijapata kuona shina kama hili!"

Papo hapo mke wangu akaivua shali ya mabegani, akaufunika mti wote.

"Mama, tutahukumuje kilichofunikwa?"

"Sema mashaallah kwanza."

Kwetu mtu hamsifu mtoto wala ngamia bila kumtaja Mungu, ama jicho lake litakidhuru alichokisifu. Mimi sijaliona jicho likiangusha ua, nami nilitamka hivyo.

"Nikiusemea huu neno la pekee, wengine watadai nimependelea," alisema yule bibi. Msimamo wake, kwa bahati mbaya, ulinipendeza. "Tunamaliza meza ile, kisha tunarudi. Tukiukuta umefunikwa, tunaufuta."

Nikamnong'oneza mke wangu kwa Kisomali: "Utaukosa utepe kwa ajili ya maneno ya kusikia."

"Sifa ya mgeni imeshautia jicho," alisema. "Sifa ya mwenye nyumba, yenye mashaallah ndani yake, huliondoa. Usifu wewe, nami nitafunua."

Kanuni hiyo sikuwahi kuisikia popote. Nashuku aliitunga palepale.

"Ni mzuri," nilisema.

"Kwa sauti. Na kwa Kiswahili, wenzetu wasikie."

Waamuzi walikuwa wameanza kurudi. Mkubwa wao alishika kalamu, tayari kuufuta mti wetu orodhani. Nilimtazama mke wangu. Mikono yake, iliyolipakata debe lile kutwa nzima, ilikuwa imeshika ncha za shali. Nikakohoa kama mbele ya gwaride la shule.

"Mashaallah! Mti huu ni mzuri."

"Tangu lini?" mke wangu aliuliza.

"Tangu Ijara," nilisema.

Akafunua.

Tulipewa utepe wa nafasi ya tatu. Tuliporejea Garissa, muuza maziwa alikuja mbio kuuliza mmea wa sumu umepata nini, nami nikangoja utepe utolewe. Haukutoka mkobani.

"Mwalimu ameusifu mti wangu," mke wangu alimwambia, "mbele ya watu wa Nairobi, kwa sauti."

Jirani akanigeukia, mdomo wazi. "Mwalimu, ni kweli haya?"

"Wewe hukuwepo," nilimwambia kwa ukali.

"Mimi nilikuwepo," alisema mke wangu, akachukua birika akaenda kuumwagilia.