Asali ya Deodata Yavuka Barabara

Usiku ule Deodata alilala na simu chini ya mto, na kila mbwa wa Nyantakara alipobweka alidhani ndiyo inaita. Aliitoa, akaitazama kama mtandao upo, akairudisha. Alikuwa akisubiri neno la Auleria, mwenye duka la vitenge pale Biharamulo mjini, kuhusu mama mmoja aitwaye Kwandu. Neno likiwa jema, asali yake ingepata mteja wa kudumu. Likiwa baya, ndoo zingerudi kwa mlanguzi yule yule wa pikipiki, anayejaza kipimo mpaka kinamwagika na bado ananuna.

Kosa lilikuwa la Deodata mwenyewe, na alilitendea dukani.

Kila Alhamisi jioni Auleria hukunja vitenge vyake, hupanga viti vya plastiki na kuchemsha chai ya tangawizi. Wanawake wenye biashara huja kufahamiana: mwenye mgahawa akutane na mwenye maharage, fundi cherehani akutane na mwalimu anayetafuta sare. Kila mmoja husimama akaeleza anachouza. Deodata alikwenda kwa mara ya kwanza, na gauni lake la kanisani, na chupa ya asali kwenye kikapu. Zamu yake ilipofika aliinamisha macho, akasema kama alivyofunzwa na mama yake huko Murusagamba, ambako mwanamke anayesifu chungu chake mwenyewe huchekwa mpaka kisimani.

"Aa, mimi ni vijiasali tu hivi. Si kitu cha kuonyesha watu."

Kwao ukisema hivyo, mwenzako hukukatalia: hapana bwana, lete tuonje. Wewe unakataa kidogo, anang'ang'ania, mnacheka, chupa inafunguliwa. Lakini Kwandu ni Msukuma, aliyehamia mjini juzijuzi na kufungua mgahawa mkabala na duka, na mchezo huo hakuujua. Alimwonea huruma tu.

"Pole, mama. Msimu ujao itakuwa nzuri." Akamgeukia mwenye karanga.

Kulipopambazuka simu ililia. Deodata aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama Irambona," alisema Auleria.

"Marahaba. Niambie tu, usinizungushe."

"Nimemweleza Kwandu kwamba ule ulikuwa unyenyekevu. Anasema mwenye mali ndiye anayeijua, na mwenye mali kasema haifai."

"Yesu wangu!"

"Mimi siwezi kukusemea. Njoo Alhamisi useme mwenyewe."

"Lakini Auleria, kizuri chajiuza."

"Mbona chako kimerudi nyumbani?"

Wiki nzima Deodata alijifunza maneno huku akipepeta maharage, mpaka binti yake Irambona akacheka. "Mama, unasifu asali kama mtu anayeomba msamaha polisi!"

Alhamisi ikafika na mvua yake. Dukani viti vilijaa, ila Kwandu hakuja. Mgahawa wake ulikuwa umefungwa, taa ikionekana kwenye upenyo wa mlango. Deodata alikunywa chai bila kuionja.

"Asali yenyewe iko wapi?" aliuliza Selestina, msusi wa vikapu kutoka Ngara, mwanamke asiye na breki mdomoni. Alichovya kidole, akafumba macho. "Hii? Hii ndiyo uliyoitukana? Jamani, mkwe wangu akiionja hii atalamba kijiko mbele yangu, heshima yote iishe!"

Wanawake walicheka mpaka chai ikamwagika.

"Basi twende wote mkamwambie," Deodata aliomba.

"Nani?" Selestina akadakia. "Harusi ni yako, sisi ni wa vigelegele tu. Sisi tuko hapa barazani, tunakuona."

Akavuka barabara peke yake, matope yakimvuta viatu, chupa kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Je, Kwandu akimfukuza? Wenzake wote wangeona. Alitamani kurudi. Alipogeuka akaona sura zao zimepangana mlangoni mwa duka. Akapiga hodi.

"Tumefunga!" sauti ilijibu kutoka ndani.

"Ni mimi, Deodata. Wa asali."

"Ile mbaya?"

Deodata alihisi kama mama yake amesimama nyuma yake akimtazama.

"Si mbaya," alisema.

"Sikusikii, mvua!"

"Si mbaya! Ni nzuri! Nyuki wangu wako kwenye miombo yenye maua, naikamua mwenyewe, siichanganyi na maji wala sukari! Hakuna asali kama hii Biharamulo nzima!"

Alishtuka kwa sauti yake mwenyewe. Ng'ambo ya barabara vigelegele vililipuka, na sauti ya Selestina ikawapita wote. Mle ndani kiti kilisogezwa, hatua zikaja taratibu, zikasimama. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka, na Kwandu akasimama pale, kanga mabegani, kijiko mkononi. "Haya, lete tuonje."